Anayerudi aanze kwa salamu

Maneno yaliyosemwa na mtumishi wa shirika letu mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wao, eneo la Fizi, Kivu ya Kusini



Tumeombwa kusema juu ya kurudi. Kila tunaposhika njia ya kutembelea vijiji tunasikia swali moja: "Tutarudi lini?" Siku hiyo sisi hatuwezi kuitaja, maana inategemea usalama, na usalama hauko mikononi mwa shirika. Lakini kuna swali la pili ambalo watu hawalisemi sana: "Siku tutakayorudi, tutaingia namna gani?" Juu ya swali hilo tuna neno la kuwaambia. Tulilipata ng'ambo ya ziwa, katika mji wa Ujiji, ambako tulifika mara mbili: mara ya kwanza tukiwa vijana wa kwaya, mara ya pili tukiwa wanafunzi katika nchi ya watu.

Safari ya ujana

Ilikuwa mwezi wa nane 2006, majuma machache baada ya Wakongo kupiga kura ya kumchagua rais tarehe 30 Julai. Watu walikuwa na matumaini. Tangu mwaka 2005 HCR ilikuwa inawarudisha kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka, wakimbizi wetu waliotaka kurudi wenyewe. Wakati wao walikuwa wanakuja, sisi tulikuwa tunakwenda: vijana kumi na sita na mwalimu wetu wa kwaya, tumealikwa kuimba kwa ndugu waliobaki Ujiji.

Tulipanda boti ya mbao jioni, tukavuka usiku. Ninyi mnalijua ziwa letu. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Nchi nne zinakunywa maji yake: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Asubuhi tulishuka Kibirizi, kwenye ufuko wa maboti karibu na mji wa Kigoma, tukaenda Ujiji.

Mama mmoja alitupokea nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa kwetu, aliyekimbia vita mwaka 1996. Hakuingia kambini, alikaa Ujiji kwa jamaa, akauza mawese na samaki wakavu, mwisho akajenga nyumba ndogo na kupanda mwembe mbele ya mlango. Alitupangia mikeka ya kulala, akatufundisha kuwaambia wakubwa "shikamoo", maana kwetu tulizoea "jambo" tu. Tulicheka kusikia kwamba ndagala wetu wao wanawaita dagaa, na mikeke yetu wao wanaiita migebuka. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile.

Alituonyesha pia mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wanasema walikutana chini ya mwembe, karibu na maji. Sisi tulitazama tukashangaa, kwa sababu maji tuliyaona mbali. Tukaelezwa kwamba miaka ya 1870 ziwa lilijaa sana, mpaka maji yakafungua njia pale Kalemie, kwenye mto Lukuga, yakaanza kutoka kuelekea mto Kongo. Miaka iliyofuata ziwa lilishuka, na ufuko ukakimbia mbele. Jiwe la ukumbusho lilibaki nyuma, kwenye nchi kavu.

Tulijifunza jambo lingine pia. Watu wengi wa Ujiji wanaitwa Wamanyema. Babu zao walitoka upande wetu, wakafika huko na misafara ya karne ya 19, wengine kwa hiari, wengine wakiwa watumwa. Walibaki, wakazaa, wakawa wenyeji. Kwa hiyo mji uliotupokea sisi wageni ulijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliofika kama wageni.

Tulirudi nyumbani na Ujiji mioyoni: soko kubwa kuliko masoko yote, barabara pana, nyumba ya mama na mwembe wake, sahani isiyokwisha. Miaka saba tuliibeba picha hiyo bila kuigusa.

Safari ya mwanafunzi

Mwaka 2013 wawili wetu tuliotoka katika kwaya ile tulikuwa tunasoma Dar es Salaam. Mwanafunzi katika nchi ya wengine ana furaha ya masomo, lakini ana upweke pia. Likizo ilipofika, nauli ya kufika kwetu hatukuwa nayo. Tukaona, afadhali twende Kigoma, maana siku mbingu inapokuwa safi, mtu akisimama Kigoma anaona milima ya Kongo.

Tulipanda garimoshi la Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Ni safari ya kilomita 1,250 hivi, kupitia Morogoro, Dodoma na Tabora. Njia nzima tulizungumza juu ya mama yetu wa Ujiji: tungemkuta barazani, angeshangaa tulivyokua, angetupikia ugali wa muhogo na migebuka.

Tulipofika, jambo la kwanza lilikuwa soko. Lilikuwa dogo. Tulitazamana. Halikuwa limepungua hata meza moja. Sisi ndio tulikuwa tumerefuka, na macho yetu yalikuwa yamezoea masoko ya Dar es Salaam. Barabara ile pana ilikuwa njia ya kawaida. Nyumba tuliitambua kwa mwembe, ambao sasa ulikuwa umepita paa.

Tukapiga hodi. Alitoka mwanaume tusiyemjua, na mke wake nyuma ya mlango, na watoto. Tulisema "shikamoo", akajibu "marahaba". Tulipotaja jina la mama, uso wake ulibadilika. Aliwaambia watoto waingie ndani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mmetoka ng'ambo? Mmekuja kudai nyumba?"

Tulimjibu: "Hapana, baba. Tulilala katika nyumba hii tukiwa vijana. Tumekuja kusalimia tu."

Alitutazama kwa muda. Halafu mke wake akatoka na mkeka, akaleta maji ya kunywa. Tukakaa, tukazungumza mpaka jua likashuka. Walituambia kwamba mama alirudi Kongo mwaka 2008, akamwachia nyumba ndugu yake. Ndugu naye alihama. Wao walitoka vijijini upande wa Kasulu kutafuta kazi, na kila mwezi walimlipa kodi mtu mmoja, lakini karatasi yoyote hawakuwa nayo. Miaka yote hiyo, kila mgeni aliyepiga hodi kwa sauti ya Kikongo, walifikiri ndiye anayekuja kuwatoa. Mama yule wa nyumba akasema tena: "Huu mwembe majirani wanauita mwembe wa Mkongo. Maembe yakiiva tunawagawia watu wote, kama alivyokuwa anafanya yeye."

Usiku ule tulilala kwao. Migebuka tulikula. Mpishi alikuwa mwingine.

Mambo matatu tuliyoyapata

Wapendwa, hatuwaelezi habari hii kwa sababu ya soko na embe. Tunawaeleza kwa sababu wengi wenu mna mahali mnapopabeba moyoni, na siku moja mtapafikia.

La kwanza: picha tuliyo nayo moyoni haikui, lakini mahali panakua. Mtu aliyekimbia anakumbuka kijiji kama alivyokiacha asubuhi ile ya risasi: nyumba hii hapa, kisima pale, mpaka wa shamba kwenye mti ule. Lakini mti umekatwa, kisima kimeziba, njia imehamia kwingine. Hata ziwa halikai mahali pamoja. Baada ya ufuko wa Ujiji kukimbia mbele, tumeona katika miaka yetu maji yakirudi nyuma kuwafuata watu: mwaka 2020, 2021 na tena 2024 ziwa na mito vilijaa, nyumba zikaingia maji Uvira, Kalemie, Bujumbura na vijiji vingi vya ufukoni. Yuko mtu atakayerudi akute adui wa kiwanja chake si jirani bali ni maji. Mwenye kurudi ajue hivyo kabla ya kupakia vyombo.

La pili: mtu utakayemkuta ana hofu yake na ana habari yake. Mara nyingi si mwizi. Ni mtu aliyekimbia kutoka kilima kingine, akakuta shamba halina mtu, akalima ili watoto wale. Au ni mtu aliyelipa pesa kwa mtu asiyekuwa na haki ya kupokea. Anapokuona, anaogopa kama wewe ulivyoogopa siku ulipokimbia. Na mtu mwenye hofu, mkononi mwake panga na jembe ni kitu kimoja.

La tatu: salamu inafungua mlango ambao madai yangeufunga. Kama tungejibu tofauti pale mlangoni, tusingejua habari ya ndugu wa mama, wala ya kodi, wala ya mwembe. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayerudi anaweza kumponya yule aliyebaki, lakini pia anaweza kumwongezea kidonda. Inategemea neno lake la kwanza.

Mama aliporudi kwake

Tulipomaliza masomo tulirudi Kongo, na mwaka 2014 tulimtafuta mama. Tulimkuta kijijini kwake, si mbali na Baraka. Tulimwambia habari ya nyumba ya Ujiji, naye akatueleza yaliyompata yeye upande huu.

Aliposhuka melini mwaka 2008, alisikia kwamba shamba lake limelimwa na familia iliyokimbia kutoka milimani. Jamaa zake walimpa shauri: "Chukua askari, wafukuze leo." Yeye alikataa. Alimchukua dada yake na wazee wawili, akabeba chumvi na sabuni, wakaenda. Siku ya kwanza waliuliza habari za watoto na za njia, wakarudi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu ndipo aliposema: "Hapa mnapolima, baba yangu alinipa."

Walikwenda pamoja kwa shefu wa kijiji. Muhogo ulikuwa bado mchanga. Wakapatana kwamba familia ile ingoje muhogo wake ukomae, ivune, kisha iache sehemu ya chini ya shamba. Waliandika karatasi tatu: moja ya mama, moja ya familia ile, moja ya shefu, na wazee wakatia vidole. Baada ya mavuno familia ilihama, ikapewa mahali pengine kijijini. Watoto wao na wajukuu wa mama walisoma shule moja.

Lakini hatutawadanganya. Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imeuzwa wakati wa vita na mtu mmoja aliyejifanya mwenye mamlaka, na aliyenunua alikataa kutoka. Tulipomtembelea mama, kesi hiyo ilikuwa haijakwisha. Salamu haikumaliza yote. Ilimpa nusu ya shamba bila damu, na ikampa mashahidi wa kusema naye juu ya nusu iliyobaki.

Salamu si kuacha haki

Hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu kuna watu wanaotumia neno "amani" kuwanyamazisha wenye haki. Kusalimia kwanza si kusema "chukueni tu". Haki inabaki.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohama ndani ya nchi zao, zilizotolewa mwaka 1998, zinasema waziwazi. Kanuni ya 28 inasema viongozi wa serikali ndio wenye kazi ya kwanza ya kuandaa hali ili watu warudi kwa hiari yao, kwa usalama na kwa heshima, au wakae mahali pengine wanapochagua wenyewe. Na watu hao washiriki kikamilifu katika kupanga safari yao. Kanuni ya 29 inasema viongozi wawasaidie waliorudi kupata tena mali waliyoiacha, na ikiwa haiwezekani, wapate fidia au malipo mengine ya haki.

Katika nchi yetu, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na watu wanapata haki ya kuitumia. Lakini vijijini kwetu wengi wanalima kwa desturi, bila karatasi. Ndiyo maana ushahidi wa watu una uzito sana: nani alikuwa jirani, nani alipanda michikichi ile, kaburi la nani liko pale. Ukigombana na kila mtu siku ya kwanza, umewapoteza mashahidi wako mwenyewe.

Kwenda kuona kabla ya kuhama

Wale waliotoka Tanzania wanakumbuka safari za "kwenda kuona". Wajumbe wachache walitangulia, wakaona, wakarudi kuwaeleza wengine. Sisi tunawashauri: njia inapokuwa salama, msihame wote siku moja. Tumeni watu kwanza. Na mkiwatuma, fuateni mambo haya:

Wajumbe wasiwe wanaume wazee peke yao. Mama anaona mambo ambayo baba anayapita: maji yako umbali gani, njia ya kuni ina hatari gani, nesi yuko au hayuko, msichana ataoga wapi.

Wasiwe wa kabila moja. Ikiwa Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru na Wanyamulenge walikaa pamoja pale, wajumbe watoke kwa wote waliokaa pale. Habari iliyoletwa na upande mmoja haiaminiki na upande wa pili.

Waanze kwa shefu na kwa watu wanaokaa pale sasa. Waulize kwanza: "Mlipata shida gani sisi tulipokuwa hatupo?" Waliobaki nao waliteseka, na hakuna aliyewauliza.

Wasiguse chuma wasichokijua. Bomu lililolala haliulizi kama wewe ni mwenyeji. Likionekana, waweke alama kwa mbali na kuwapa habari wanaohusika.

Wakirudi, waseme walichokiona, kizuri na kibaya. Mjumbe anayesema "kila kitu kiko tayari" ili kuwafurahisha watu anawapeleka watoto kwenye njaa. Na mjumbe anayesema "hakuna kitu" ili abaki na kazi yake ya kambini anawaibia watu nchi yao.

Vijana ambao hawarudi

Neno la mwisho ni kwa vijana, na kwa viongozi wanaosema kwa niaba yao.

Sisi tuliokwenda Ujiji mara ya pili tulikuwa na kumbukumbu ya kulinganisha. Lakini kambini na mijini kuna vijana waliozaliwa baada ya wazazi kukimbia. Tunapowaambia "mtarudi kwenu", wanatutazama. Watarudi wapi? Kijiji hicho wamekisikia katika hadithi za baba tu, na katika hadithi muhogo ni mtamu siku zote. Wao hawarudi, wanakwenda mara ya kwanza.

Kwa hiyo, wazazi, msiwabebeshe vijana picha yenu peke yake. Waambieni pia mahali palipokuwa na ugomvi, na sababu yake. Waambieni majina ya majirani wa kabila lingine waliowasaidia. Msiwafundishe chuki juu ya mtu anayelima shamba lenu, ambaye ninyi wenyewe hamjamwona. Nanyi viongozi, mkipanga safari ya kwenda kuona, wekeni kijana mmoja au wawili ndani ya wajumbe. Kijana aliyefika, akaonja maji ya pale na kucheza mpira na vijana wa pale, atachagua kwa akili yake. Na akichagua kubaki mjini asome au afanye kazi, hilo nalo ni haki yake.

Ndugu wapendwa, hatujui ni lini kila familia iliyoko hapa itafika kwake. Tunajua tu kwamba siku hiyo kutakuwa na mlango, na mtu atatokea mlangoni, naye atauliza kwa macho kabla ya kuuliza kwa mdomo: "Mmekuja kufanya nini?" Jibu lenu litengenezwe leo, hapa, mkiwa bado mmekaa pamoja.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Tangu tulipohama, tumesikia habari gani za hakika juu ya kijiji chetu, na zimetoka kwa nani?
2. Ni nani anayekaa au kulima mahali petu sasa? Yeye alitoka wapi?
3. Ni majirani gani wanaoweza kushuhudia mipaka yetu? Wako wapi leo?
4. Tukituma wajumbe watano, tutawachagua namna gani ili wote wawaamini?
5. Vijana wetu wanasema nini juu ya kurudi? Tumewauliza?

Amani iwe nanyi, na iwe na wale mtakaowakuta.